Jiwe Halikuvunjwa kwa Nguvu: Kwa Nini Tanga Ifundishe Upya Zama za Mawe

Historia ya Tanga, namna tunavyoisimulia wenyewe, huanzia baharini. Tunaanza na magofu ya Tongoni, tunapita kwa Vasco da Gama aliyekatiza pwani hii mwaka 1498, tunaruka hadi mkonge ulioletwa mwaka 1893, kisha tunatua kwenye vita ya Novemba 1914. Ukifika Mapango ya Amboni, ndani ya mwamba wenye umri wa mamilioni ya miaka, utasimuliwa njia ya chini kwa chini inayodaiwa kutokea Mombasa, na maficho ya Osale Otango, mtu aliyesakwa na serikali enzi za mkoloni. Ni masimulizi matamu na sina nia ya kuyafuta. Ninachokikataa ni imani iliyojificha nyuma yake: kwamba kabla ya chombo cha kwanza kutia nanga Pwani ilikuwa tupu, na kwamba Zama za Mawe ni mambo ya bara, ya Oldupai na Isimila huko.

Imani hiyo hulelewa darasani. Mtoto wa kidato cha kwanza anakariri majina matatu, Zama za Kale, za Kati na za Mwisho, anaongeza orodha ya maeneo, anachora jiwe lenye umbo la tone la maji, mtihani unapita. Kama ukimuuliza jiwe lile lilitengenezwaje, atakwambia lilipigwa na jiwe lingine. Hapo ndipo tunapopoteza kila kitu. Kilichoanza Afrika Mashariki zaidi ya miaka milioni mbili na nusu iliyopita ni ujuzi, wenye kanuni zake, makosa yake na, kwa maoni yangu, walimu wake. Tukiuondoa ujuzi huo tukabakiza majina na tarehe, tunamfundisha mtoto kwamba mababu zake walikuwa watu wa kugonga tu.

Tuanze na jiwe lenyewe, maana hapa ndipo wengi tunapita mbio.

Kina mama wanaopasua kokoto kando ya barabara wanalijua jiwe vizuri. Wanajua lenye ufa, wanajua lililooza ndani, wanajua pa kulaza nyundo ili lisiwarukie usoni. Lakini kusudi lao ni jiwe lisambaratike. Mbanja zana wa kale, yaani aliyepasua jiwe kwa mapigo ili apate makali, alitaka kinyume chake: jiwe lifunguke mahali pamoja tu, pale alipopachagua, na libaki zima kwa pigo la pili. Kwa kazi hiyo si kila jiwe linafaa. Tumbawe letu la kujengea halifai, ni laini na lina vitundu. Linalotakiwa ni jiwe gumu lenye chembe ndogo zilizoshikamana sawasawa: gumegume, kwatzi nzuri, lava iliyopoa haraka, au obsidiani, ile iitwayo kioo cha volkano. Jiwe la namna hiyo likipigwa, nguvu ya pigo husambaa ndani yake kwa umbo la pia, na mpasuko huifuata nguvu hiyo hadi utokee upande wa pili.

Ili mpasuko utokee unakotaka, pembe kati ya uso unaopigwa na ubavu unaobanduliwa lazima iwe ndogo kuliko nyuzi 90. Ikizidi hapo, unaweza kupiga mpaka jioni na usipate kitu zaidi ya vumbi na vidole vilivyovimba. Pigo lenyewe halitui katikati ya jiwe. Linatua karibu na ukingo, kwa mshazari, na jiwe la kupigia lazima liwe na uzito unaolingana na kazi. Likitua sawasawa, kinabanduka kibanzi chembamba chenye makali ya kuchinjia. Na kila kibanzi kinapotoka kinaacha kovu kwenye jiwe-mama, na kovu hilo linaibadilisha pembe kwa pigo linalofuata. Kwa hiyo mbanjaji hafikirii pigo moja. Anapaswa kuona mapigo mawili matatu mbele, la sivyo jiwe linamfia mkononi lingali kubwa.

Sasa rudi kwenye picha ya kitabu cha shule. Kwa miaka mingi picha hizo zimetuonyesha jiwe-mama, lile bonge lililokatwakatwa upande mmoja, kama ndiyo zana. Uainishaji huo unatokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Mary Leakey huko Oldupai, iliyochapishwa mwaka 1971, kazi kubwa ambayo mpaka leo hakuna anayeweza kuikwepa. Lakini mwaka 1985 mtafiti Nicholas Toth, baada ya kubanja mawe mwenyewe kwa mikono yake na kulinganisha na yaliyofukuliwa Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, alionyesha kwamba mara nyingi mambo ni kinyume: kilichotafutwa ni vile vibanzi vidogo vyenye makali, na bonge lile ndilo lililobaki baada ya kazi. Tunawachorea watoto jiwe lililotupwa na kuwaambia hii ndiyo zana. Miaka 40 imepita. Sioni sababu ya kuendelea hivyo.

Kuhusu tarehe, fahari yetu ya kitaifa inahitaji kurekebishwa kidogo. Oldupai imeupa ulimwengu jina la utamaduni wa kwanza wa zana za mawe uliofafanuliwa vizuri, unaoitwa Oldowan, lakini mawe ya Oldupai si ya zamani kuliko yote. Ya mapema kabisa pale yana takriban miaka milioni 2. Gona, nchini Ethiopia, ina zana za aina hiyohiyo zenye umri wa karibu miaka milioni 2.6. Nyayanga, kwenye rasi ya Homa kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, ilitangazwa mwaka 2023 ikiwa na zana zenye umri kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya kiboko yenye alama za kukatwa. Na nyuma ya zote ipo Lomekwi 3, magharibi mwa Ziwa Turkana, iliyotangazwa mwaka 2015 na timu ya Sonia Harmand: miaka milioni 3.3.

Mawe ya Lomekwi yananivutia kuliko mengine kwa sababu yanaonyesha ufundi ukiwa bado unajitafuta. Ni makubwa na mazito, mengine yanafikia kilo 15. Aliyeyatumia inaonekana alishika bonge kwa mikono miwili akalipiga juu ya fuawe la jiwe lililokaa chini, au aliliweka juu ya fuawe akalipiga kwa jiwe jingine. Kati ya hapo na Gona kuna mabadiliko makubwa: mkono mmoja unashika jiwe-mama hewani, mwingine unashika jiwe la kupigia, na macho yanaongoza yote mawili. Mikono imegawana kazi. Kwangu mimi, huo ni mgeuko mzito kuliko mwingi tunaoupigia makofi leo.

Kuna pingamizi ninalolisikia kwa watu makini, na linastahili jibu. Mwaka 2016 watafiti walieleza nyani wadogo wa Serra da Capivara, Brazil, wanaogonganisha mawe na kuangusha vibanzi vinavyofanana sana na vya binadamu wa kale. Mwaka 2023 likatoka jambo la aina hiyohiyo kuhusu tumbili wa Thailand wanaopasua njugu kwa mawe. Kama tumbili anaweza kutoa kibanzi bila kujua, huo ufundi unaotukuzwa uko wapi?

Upo katika yale ambayo tumbili hawayafanyi. Hawakiokoti kibanzi wakakitumia kukatia. Hawageuzi jiwe ili wapate pembe mpya. Kule Lokalalei, tena upande wa Turkana, kwenye tabaka lenye umri wa miaka milioni 2.34, watafiti waliunganisha vibanzi na mawe-mama yake kipande kwa kipande, na wakaona makumi ya vibanzi yaliyotolewa kutoka bonge moja kwa mpangilio, uso uleule ukitunzwa ili uendelee kuzaa. Hiyo haitokei kwa bahati.

Upo pia katika kuchagua. Kanjera Kusini nchini Kenya, miaka milioni 2 iliyopita, zamadamu, yaani viumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, walibeba mawe magumu kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 10 ingawa karibu yao kulikuwa na mawe mengine yaliyo laini. Oldupai inatupa mfano ulio mzuri zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulipima makali ya mawe ya pale kwa mashine na kukuta kwamba kwatzi ya kilima cha Naibor Soit hutoa makali makali sana, lakini huisha haraka, na lava hutoa makali yanayodumu. Waliolitumia bonde hilo walikuwa wakichagua kulingana na kazi: kibanzi cha kukata mara moja kilitoka kwenye kwatzi, zana ya kazi ndefu ilitoka kwenye lava. Gumegume, ambalo lina sifa zote mbili, walilikimbilia kila lilipopatikana. Hapa kuna mtu anayejua kazi iliyo mbele yake kabla hajainama kuokota jiwe.

Kisha, karibu miaka milioni 1.76 iliyopita, linatokea shoka la mkono. Miongoni mwa ya mapema yanayojulikana ni yale ya Kokiselei, Turkana. Badala ya kutafuta makali tu, mbanjaji anabandua kibanzi kikubwa kutoka kwenye mwamba, anakichonga pande zote mbili mpaka kinapata umbo alilolikusudia tangu mwanzo. Ndilo lile tone la maji la kwenye madaftari. Isimila, kilomita chache kutoka mjini Iringa, yamejaa tele, mengine makubwa kiasi cha kutumiwa kwa mikono miwili.

Aina hiyo ya zana iliendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka milioni moja na nusu, na hapa vitabu vingi hutoa hukumu ninayoiona kuwa ya haraka: kwamba watu hao walidumaa, hawakuwa na ubunifu. Sikubaliani nayo. Ujuzi unaovuka vizazi visivyohesabika bila maandishi, bila shule, kutoka Afrika Kusini mpaka Ulaya na India, umetunzwa na watu waliojua thamani yake. Na hawakulala. Mwezi Machi 2025 ilitangazwa kwamba huko Oldupai, kwenye tabaka lenye umri wa miaka milioni 1.5, zimepatikana zana 27 za mfupa, mifupa mikubwa ya tembo na viboko iliyobanjwa kwa njia ileile ya kubanja jiwe. Mtu aliyechukua kanuni ya jiwe akaipeleka kwenye mfupa alikuwa ameielewa kanuni yenyewe. Mwigaji mtupu hafiki hapo.

Je, walifundishana? Hili ndilo swali ninalolijali kuliko yote.

Mwaka 2015 kundi la watafiti lilichapisha jaribio ambalo ningependa kila mwalimu wa historia alijue. Watu 184 walifundishwa kubanja vibanzi vya aina ya Oldowan kwa njia tofauti. Wengine walipewa vibanzi vilivyo tayari na kuachwa wajitafutie. Wengine walitazama fundi akifanya. Wengine walirekebishwa kwa ishara za mikono, na wengine waliruhusiwa kuzungumza na anayewafundisha. Waliotazama tu hawakuwazidi sana walioachwa wenyewe. Walioelekezwa kwa ishara, uwezekano wa kila pigo kutoa kibanzi kizuri uliongezeka mara mbili. Waliofundishwa kwa maneno, mara nne.

Waliofanyiwa jaribio walikuwa watu wa leo wenye akili za leo, kwa hiyo haliwezi kututhibitishia kwamba zamadamu wa Gona walikuwa na lugha. Halidai hivyo. Linachoonyesha ni kwamba ufundi huu una siri ambazo jicho peke yake huzikosa. Pembe haionekani kwa anayetazama kutoka mbali. Lazima mtu akushike mkono, akugeuzie jiwe, akuonyeshe hapa. Kama ujuzi wa namna hiyo ulidumu kwa mamilioni ya miaka, mimi naona ni vigumu sana kuamini kwamba hakukuwa na wa kumwelekeza mwenzake, walau kwa kidole. Ualimu, katika umbo lake la mwanzo kabisa, huenda ulizaliwa kandokando ya mito ya ukanda huu wetu.

Hatua zilizofuata nazitaja kwa ufupi. Kufikia miaka laki tatu iliyopita, Olorgesailie nchini Kenya, mashoka makubwa yalikuwa yameachwa na watu walikuwa wakiletewa au wakifuata obsidiani kutoka kilomita 25 hadi 50. Njia mpya ilikuwa kuliandaa jiwe-mama kwanza, kulichonga uso kwa mapigo mengi madogo, halafu pigo moja la mwisho likibandua kibanzi chenye umbo lililopangwa tangu awali. Imepewa jina la kitongoji kimoja cha Paris, Levallois, ingawa Baringo nchini Kenya kuna ushahidi wake wenye umri wa karibu miaka 285,000. Baadaye, huko Pinnacle Point, Afrika Kusini, watu wakaanza kulipasha jiwe moto ili libanjike vizuri zaidi.

Na Pwani?

Ukivuka mpaka wa Horohoro, ukapita Mombasa hadi Kilifi, kwenye milima midogo lipo pango la Panga ya Saidi. Ni pango la mwamba wa chokaa kama ya kwetu Amboni, kilomita 15 hivi kutoka baharini. Watu walilitumia kwa miaka 78,000. Humo ndimo alimozikwa mtoto wa miaka isiyozidi mitatu, amelazwa kwa ubavu, kaburi la kale kuliko yote ya binadamu wa aina yetu yanayojulikana Afrika. Habari zake zilitangazwa mwaka 2021, na watafiti wakampa jina la Mtoto. Lakini kwa mada yetu mawe ndiyo yenye jambo. Kuanzia kama miaka 67,000 iliyopita zana za pango hilo zinaanza kuwa ndogo, za mawe yenye chembe laini zaidi. Badiliko halikuwa la ghafla, na halikwenda njia moja. Njia za zamani zinarudi, zinachanganyika na mpya, zinapungua, zinaibuka tena. Kwa watu wa pale, ujuzi wa kale haukuwa takataka ya kutupwa kipya kilipofika. Ile ngazi ya vitabuni, ya Kale kisha Kati kisha Mwisho, haipandiki ndani ya Panga ya Saidi.

Unguja nako, katika pango la Kuumbi karibu na Jambiani, zimepatikana zana za mawe kutoka yapata miaka 20,000 iliyopita. Wakati huo usingehitaji chombo kufika huko. Bahari ilikuwa chini ya ilivyo leo kwa mita 120 hivi na Unguja ilikuwa imeungana na bara. Pemba peke yake ndiyo iliyobaki kisiwa, kwa kina cha mkondo wake. Maana yake ni kwamba sehemu ya pwani ya enzi hizo, ambako watu walitembea na kubanja mawe yao, leo iko chini ya maji wanakovua wavuvi wetu. Anayesema Pwani haina Zama za Mawe kwa sababu hajaziona ajiulize kwanza ametafuta wapi.

Ndiyo maana napendekeza jambo la gharama ndogo. Shule za Tanga zifundishe Zama za Mawe kwa mikono. Mto Sigi unateremka kutoka Usambara, milima ya mawe magumu ya kale. Darasa liokote mawe ya mtoni, livae miwani ya kukinga macho, lisimamiwe na mwalimu, na mawe hayo yabanjwe mbali kabisa na mapango ili vibanzi vya leo visije vikachanganyika na vya kale. Saa mbili zinatosha. Wanafunzi watafeli karibu wote, na katika kufeli huko watajifunza pembe ni nini. Wapewe kwanza jiwe bila maelezo, kisha waelekezwe, wajionee wenyewe tofauti. Somo la fizikia lingeweza kuingia hapohapo, na la jiografia pia.

Faida yake haiishii kwenye mtihani. Mkoa huu unachimba mwamba wa chokaa kwa ajili ya saruji na chokaa, na mwamba huohuo ndio unaobeba mapango. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu mwaka 1964, lakini sheria hailindi kitu ambacho hakuna anayekitambua. Kijana aliyewahi kubanja jiwe atakitambua kibanzi popote: kichwa bapa kilichopokea pigo, chini yake uvimbe mdogo, halafu mawimbi yanayotawanyika kama ya kidimbwi, na mgongoni makovu ya vibanzi vilivyotangulia. Jiwe lililovunjwa na maji au jua halina alama hizo zote kwa pamoja. Akikiona shambani, kwenye shimo la choo au ukutani mwa machimbo, asikiokote. Apige picha, aweke alama ya mahali, amwite afisa wa mambo ya kale, kwa sababu kibanzi kikishatolewa kwenye udongo wake hakuna tena wa kutuambia kina umri gani.